Ndege imechelewa, fidia iko wapi?

SWALI: Tulitoka Frankfurt kwenda Dar es Salaam. Ndege ikaharibika, tukafika tumechelewa kwa muda wa saa tisa. Shirika lilitupa vocha ya chakula tu. Je, nina haki nyingine? – Mama Salma, Hamburg

JIBU: Unayo, mama, tena nono! Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda kila abiria anayeondokea Umoja wa Ulaya, hata kwa ndege ya Afrika au Ghuba. Kwa safari ndefu kama yenu, fidia ni yuro 600 kwa kila mwenye tiketi, Salma akiwamo. Watasingizia ubovu wa mitambo. Usikubali, Mahakama ya Ulaya ilishalikataa hilo mwaka 2008. Dhoruba ni jambo jingine, hiyo ni sababu ya kweli ya kutolipa. Waandikie, taja akaunti yako ya benki: fidia hailipwi kwa vocha bila saini yako.