Unamsafirisha mjusi? Anza na utabiri wa hali ya hewa

Wanaoniuliza namna ya kumtuma mjusi wa kufugwa huanza na boksi. Mimi huanza na hali ya hewa. Mjusi hajitengenezei joto mwilini kama sisi, kwa hiyo boksi likipoa naye anapoa. Hapa Ohio, Marekani, ninakofuga geko chui (aina ya mjusi mdogo), wiki moja ya Machi inaweza kuwa na jua la kuvua koti na theluji ya kufunika magari. Kabla ya kulipia chochote naangalia utabiri wa ninakotuma, wa anakokwenda, na wa mji wa Memphis, maana vifurushi vingi vya kampuni ya usafirishaji ya FedEx, vile vinavyofika kesho yake, hupitia huko kupangwa. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, au mchana ukipita 32, naahirisha. Mpokeaji akinuna, na anune.

Natuma Jumatatu hadi Jumatano tu. Kifurushi cha Alhamisi kikichelewa kidogo, kinaweza kulala ghalani wikendi nzima. FedEx haipokei reptilia kutoka kwa kila mtu. Mfugaji wa kawaida hupitia wakala mwenye kibali chao. Posta ya Marekani inaruhusu mijusi wadogo wasio na madhara, ila nyoka na kobe hapana. Hata hivyo, huduma isiyonihakikishia siku ya kufika siitaki. Nje ya boksi andika jina la kawaida, jina la kisayansi (huyu wangu ni Eublepharis macularius) na idadi ya wanyama.

Siku 2 au 3 kabla ya safari, acha kumlisha, lakini maji aendelee kupata. Chakula hakisagiki tumboni mwili ukiwa baridi. Geko chui huweka akiba ya mafuta mkiani, hivyo mwenye mkia mnene hataumizwa na siku hizo. Mwenye mkia mwembamba kama penseli asisafiri kabisa; mtibu na umnenepeshe kwanza.

Kufunga kwenyewe kunataka mikono ya taratibu. Chukua kikopo cha plastiki chenye mfuniko, cha kumtosha kugeuka bila kurushwa huku na huku. Kitoboe matundu kutoka ndani kwenda nje kabla hajaingia, ili ncha kali zibaki upande wa nje. Mtandikie taulo za karatasi, kisha mjazie nyingine zilizokunjwakunjwa juu yake kwa ulaini. Ziwe kavu kwa geko chui. Geko mwenye kishungi, ambaye ni aina nyingine, anapenda unyevu kidogo. Usiweke bakuli la maji, wala jiwe, wala kijiti. Kikopo kikae katikati ya boksi lililowekwa stairofomu (povu gumu la kuzuia joto na baridi) pande zote sita, na nafasi zijazwe karatasi kisicheze.

Pakiti ya joto ndiyo inayowachanganya wengi. Ndani yake mna unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na oksijeni, kwa hiyo boksi lisilo na matundu huizima. Zile ndogo za kupashia mikono ziache, zinachoma sana na kuisha mapema. Nunua ya saa 40 iliyotengenezwa kwa usafirishaji, ifungue mapema, na ukishahisi imeanza kupata joto ibandike kwenye mfuniko wa boksi, mbali na kikopo. Wakati wa joto usiiweke.

Mwambie mpokeaji akachukue kifurushi kituoni mwenyewe, kisiachwe barazani. Akimkuta mjusi amepoa na amelegea, asimkimbize chini ya taa. Amwache apate joto polepole ndani ya chumba. Kisha aingie kwenye tangi lake lenye maji na pa kujificha, aachwe bila kushikwashikwa kwa wiki moja hivi. Chakula kianze siku inayofuata, na akikataa asilazimishwe.