Dar haijapunguza kasi, imevuka mpaka (kwa mkuu aliyeuliza kuhusu ile 2.1%)

Mkuu swali lako ni zuri na wengi waliokujibu wamekurushia tu "hamia Dodoma" bila kukupa sababu. Umesema umeona kwenye sensa ya 2022 kwamba Dar imekua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka wakati nchi nzima ni 3.2, na kwa vile una kiwanja Mlandizi, mkoa wa Pwani, na kamtaji kidogo unajiuliza kama mji umeshafika mwisho, uuze ukatafute maisha kwingine. Mimi nina fremu Kariakoo nauza mapazia na mashuka, na nyumbani kwangu ni Vikindu, wilaya ya Mkuranga huko huko Pwani, kwa hiyo hili jambo naliona kila siku asubuhi na jioni, ngoja nikueleze ninavyolielewa.

Kwanza hiyo namba yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, mwaka 2022 wakahesabiwa 5,383,728. Ukilinganisha na miaka kumi ya nyuma yake, 2002 mpaka 2012, ambapo mji ulikuwa unakimbia kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, unaona kabisa breki zimeshikwa. Ila hapo wengi ndo wanaposimama. Wewe usisimame hapo, chukua na mkoa wa Pwani uweke pembeni yake. Pwani 2012 ilikuwa na watu 1,098,668, mwaka 2022 ikawa na 2,024,947. Yaani Dar nzima na ukubwa wake wote imeongeza watu milioni 1 na elfu 19 hivi, na Pwani ambayo watu walikuwa wanaijua kwa mikorosho na minazi imeongeza laki 9 na elfu 26. Hao watu wote hawakwenda Mafia wala Rufiji mkuu. Angalia Mkuranga, imetoka laki 2 na ushee mpaka zaidi ya laki 5, na Kibaha Mjini imezidi mara mbili. Hawa ni watu wa Dar waliovuka mpaka kutafuta pa kulala, mimi nikiwa mmojawapo.

Na hata ndani ya Dar yenyewe ukuaji haujalingana. Ilala imefika watu 1,649,912, imeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi tangu 2012, ila usidhani wameongezeka Ilala Boma au Upanga, wameongezeka Chanika, Kivule, Msongola, Majohe, Zingiziwa huko. Kigamboni imekaribia kuwa mara mbili ya ilivyokuwa, 317,902, na daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016 lina mchango mkubwa hapo. Kinondoni wakati huo imeongezeka kidogo sana. Huku kwetu Kariakoo ndo usiseme, nyumba za zamani za Kiswahili zenye ua katikati na vyumba pande zote, zile ambazo familia tatu nne zilikuwa zinapanga, zimevunjwa karibu zote yakapanda maghorofa, chini fremu, juu stoo, juu zaidi stoo tena. Mtaa ambao mchana huwezi kupitisha hata mkokoteni, usiku wenye makazi pale ni wachache mno. Kwa hiyo katikati panazidi kuwa pa kazi tu na pembeni panazidi kuwa pa kulala, na umbali kati ya hizo sehemu mbili kila mwaka unaongezeka.

Sasa kwanini watu wanasogea nje? Sababu kubwa ni kodi ya nyumba na ardhi. Kijana akija kutoka mkoani hafikii Vikindu, anafikia kwa ndugu Manzese, Tandika, Mbagala, Vingunguti, analala sebuleni, anaanza na kubeba mizigo au kutembeza bidhaa, akipata kidogo anapanga chumba. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, umeme mnachangia luku moja na ugomvi wake, choo kimoja watu kumi na kitu. Akishaoa na kupata mtoto wa pili anapiga hesabu ya kodi aliyolipa miaka yote ile anaona bora akanunue eneo hata kama ni porini. Hapo ndo anakutana na dalali.

Nikusimulie inavyokwenda huku kwetu maana wengi wanaongelea viwanja kama vitu vinavyouzwa dukani. Unakuta mzee wa Kindengereko au Mzaramo ana shamba la mikorosho alilorithi, ekari tatu nne. Mtoto wake mmoja anataka pikipiki, mwingine anaumwa, mzee anakata kipande. Dalali anakuja na kamba na vijiti, wanapima 20 kwa 20 kwa kuhesabu hatua, mnaenda kwa mjumbe, mnaenda ofisi ya serikali ya kijiji, mnaandikishana mashahidi wapo, unatoa na asilimia ya ofisi, unapewa karatasi ya mauziano yenye mhuri. Hakuna aliyeacha barabara. Hakuna aliyeacha eneo la shule. Kila aliyenunua anaweka mawe yake mpaka mwisho wa eneo lake na njia inabaki ya kupita bodaboda tu, baada ya miaka mitano nyumba zimejaa na gari la zimamoto haliwezi kuingia kabisa. Serikali ilishawahi kuonyesha kwamba inawezekana kufanya vizuri, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ukapima Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingineko, nenda leo ukaone tofauti, barabara zipo zimenyooka. Lakini viwanja vile havikutosha hata robo ya wenye shida, na wengi wetu hela za kununua vilivyopimwa hatukuwa nazo, ndo maana sehemu kubwa ya wakazi wa huu mji wanakaa kwenye maeneo yasiyopimwa, na huu mtindo umevuka na sisi kwenda Pwani.

Linaloniuma zaidi ni hili la nauli. Nina kijana ananisaidia dukani, anakaa ndani ndani huko baada ya Vikindu. Asubuhi anaamka saa kumi, anachukua bodaboda mpaka barabara ya lami maana kwa miguu ni giza na mbali, anapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu, pale anagombania nyingine ya kuja mjini. Kurudi hivyo hivyo, na jioni ni mbaya zaidi kwa sababu watu wote wanaenda upande mmoja, unakuta mama mwenye mtoto mgongoni anapandishwa kupitia dirishani. Siku ikiisha nauli imekula elfu nne na zaidi, na mimi posho ninayompa kwa siku ni elfu kumi na chakula cha mchana. Nimemwongezea pale nilipoweza lakini ukweli ni kwamba karibu nusu ya jasho lake linabaki barabarani. Zidisha hapo kwa malaki ya watu wanaotoka Chanika, Mbande, Kibaha, Mapinga, Kerege kila siku. Hii ni hela ambayo ingenunua unga, ingelipa ada, ingenunua mapazia pia, ila inaishia kwenye mafuta na foleni. Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza 2016 njia ya Kimara umeokoa watu wengi japo unajaa mpaka pumzi inakata, na njia ya barabara ya Kilwa nayo imejengwa, lakini inaishia Mbagala, wakati watu wameshavuka Kongowe zamani.

Na hapa ndo kwenye hoja yangu kuu mkuu. Mji ni mmoja ila mipango ni ya mikoa miwili. Mimi leseni yangu ya biashara nalipia Jiji la Dar, hiyo Ilala ya zamani, maana duka liko huko. Watoto wangu wanasoma Mkuranga, wanabanana kwenye madarasa ya halmashauri ambayo haipati chochote kutoka kwenye duka langu. Mchana Jiji linahudumia watu ambao halikuwahesabu, wanatumia vyoo, barabara, wanazalisha taka, usiku Mkuranga inalaza watu ambao mapato yao yameachwa kwingine. Halmashauri moja inaona haina hela na nyingine inaona imezidiwa na watu, na zote mbili zinasema kweli. Wanaokwenda na hali halisi ni watu wa maji tu, DAWASA inahudumia Dar pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe kwa sababu maji yenyewe yanatoka mto Ruvu huko huko Pwani, bomba halijui mpaka wa mkoa. Ruvu ikipungua kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022 tunabeba madumu wote, wa Masaki na wa Mlandizi. Sasa kama maji yamepangwa kwa pamoja, kwanini usafiri, barabara za mitaa na upimaji wa viwanja visipangwe kwa pamoja? Tukisubiri mpaka Mkuranga ijae kama Manzese ndo tuanze kubomolea watu kupitisha barabara itakuwa gharama mara kumi, na watakaobomolewa ni wale wale waliokimbia kodi.

Kuhusu uchumi, wanaosema Dar imekwisha kwa sababu serikali imehamia Dodoma sidhani kama wamewahi kukaa Kariakoo hata wiki moja. Wizara zimehama, bandari haijahama. Dar ina chini ya asilimia 9 ya watu wa nchi hii lakini inachangia takribani asilimia 17 ya pato la taifa, na ukitaka kujua kwanini angalia mizigo inavyotembea. Kontena linashuka bandarini, mengine yanapanda malori moja kwa moja kwenda Kongo, Zambia, Rwanda, Burundi, Malawi, mengine yanakuja Kariakoo yanafunguliwa. Mimi mteja wangu mkubwa sio wa Sinza, ni mama anayetoka Lubumbashi na wenzake wa Tunduma na Komoro, wanakuja wanachukua marobota, wanachangia gari, wanaondoka. Vitambaa navyouza vinatoka Guangzhou, tunachangia kontena wafanyabiashara kadhaa maana peke yangu silijazi. Na duka langu moja linalisha watu wengi, kuna mafundi cherehani wa kushona mapazia, kuna wabeba mizigo, kuna mama lishe, kuna vijana wanaochukua kwangu mashuka kwa mali kauli, yaani wanalipa wakishauza, na kwenda kutembeza mitaani. Wanawake ni wengi sana kwenye huu mnyororo na hata sensa inaonyesha Dar wanawake wamezidi wanaume kwa zaidi ya laki moja na elfu themanini.

Treni ya SGR nayo imebadilisha kitu, tangu safari zilipoanza katikati ya 2024 wateja wa Morogoro wanakuja asubuhi wananunua wanarudi kulala kwao, na wa Dodoma hali kadhalika. Wengi walidhani treni itaipunguzia Dar watu, mimi kwa upande wa dukani naona imeipanua Kariakoo kufika mpaka Dodoma.

Viwanda pia vimefuata njia ile ile ya watu. Zamani ilikuwa Pugu Road, Chang'ombe, Ubungo, siku hizi ukitembea barabara ya Kilwa kuingia Mkuranga au Morogoro Road kuanzia Kibaha unaona viwanda vya vigae, nondo, saruji, vinywaji, maana ardhi ya kutosha mjini hakuna. Hii ni nafuu kubwa kwa sababu inaleta kazi karibu na pale watu wanapolala. Na huko upande wako kuna bandari kavu ya Kwala, ambayo lengo lake ni kuondoa makontena na malori katikati ya jiji, ni mwendo mfupi tu kutoka Mlandizi. Bado ajira nyingi za huko ni za vibarua wa kutwa, mtu anasimama getini alfajiri kusubiri kama ataitwa, kwa hiyo sikudanganyi kwamba mambo ni mazuri, ila kazi zimeanza kusogea.

Sasa kwa upande wako. Kiwanja cha Mlandizi mimi nisingeuza. Umoja wa Mataifa ulishakadiria mwaka 2018 kwamba Dar itapita watu milioni 10 kufikia 2030, tufike au tusifike huo mwaka, hao watu hawawezi kuingia Kinondoni, wanakuja upande wako. Ila usikae na karatasi ya serikali ya mtaa tu, fuatilia upimaji na hati mapema kabla majirani hawajajenga, kaeni kikao wenye viwanja mnaopakana kila mmoja aachie mita kadhaa za njia na muandikishane, ulizia kama hakuna hifadhi ya barabara, reli au bomba inayopita hapo, na nenda ukakague kipindi cha masika, usiende Januari wakati kila bonde linaonekana kama uwanja wa mpira. Huo mtaji usiuzike wote kwenye msingi. Anza na biashara inayofuata wanaojenga, misumari, mabati, rangi, mabomba, vifaa vya umeme, hivyo vitu huko pembezoni watu wanavifuata mjini na kulipia usafiri wakati wangependa kuvipata hapo hapo. Ukihitaji kuelekezwa kwa wauzaji wa jumla Kariakoo wa hivyo vitu niambie humu humu nitakuelekeza mitaa.