Kitani kinachoshika rangi kwa mabaka

Dada wa Jinja, umesema kitani chako hutoka na mabaka kila ukikitia rangi, tena bado ni kigumu. Huenda rangi haina kosa. Uzi wa kitani una nta na pektini (gundi ya asili ya mmea), na hizo huzuia maji kupenya.

Dondosha tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likisimama juu kama shanga badala ya kuzama upesi, kitambaa hakijaandaliwa. Kichemshe taratibu kwa saa moja katika maji yenye magadi ya kufulia (si yale ya maharage), gramu 5 kwa lita, na sabuni kidogo. Suuza mpaka utelezi uishe. Sufuria za alumini tulizozizoea hapa Uganda usizitumie, magadi huzila. Tafuta ya chuma cha pua.

Ukipata kimeng'enya cha pektinesi, kinachovunja ile pektini, mimi ningechagua hicho kuliko magadi: hufanya kazi kwenye nyuzijoto 50 hadi 60 na hakichoshi uzi. Selulesi, kimeng'enya kingine kinachokula nyuzi zenyewe, hulainisha vizuri, ila ikizidi kitambaa hudhoofika. Haidrojeni peroksaidi ya kung'arishia inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu, na kwa mzigo mkubwa mwachie fundi wa kiwandani. Jaribu kipande kidogo kwanza, tafadhali.