Ukienda kwa mfiwa usibebe majibu ya kwa nini Mungu karuhusu

Mwanangu alifariki ana miezi kumi, malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu toka homa ianze. Imepita miaka sita na sijawahi kuandika habari hii, ila juzi dada mmoja wa kanisani kaniuliza, anaenda kumpa pole rafiki yake aliyepoteza mtoto, amwambie nini kuhusu Mungu.

Usimwambie kitu mdogo wangu. Mpe pole, ukae.

Mi niliambiwa mengi pale msibani. Mungu kampenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni akaniuliza, tena kwa upole kabisa, kama kuna dhambi yoyote hatujaitubu ndani ya nyumba, basi usiku ule niko kwenye mkeka nahesabu dhambi zangu moja moja toka niko shule ya msingi natafuta ni ipi iliyomuua mwanangu. Baadaye sana ndo nikakutana na Luka 13, mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, Yesu akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe, sivyo. Na yule kipofu wa Yohana 9, wanafunzi wanauliza nani katenda dhambi, yeye au wazazi wake, akawaambia si yeye wala wazazi wake. Sasa wewe unalitoa wapi tena hilo swali unampelekea mama aliyefiwa?

Na ile ya "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", jamani tuisome vizuri. Aliyesema ni Ayubu mwenyewe, aliyefiwa na watoto kumi, hakuna jirani aliyekuja kumwambia. Mfiwa akiitamka mwenyewe sawa, ila wewe uliyeacha wanao nyumbani wamelala usimsemee. Marafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri sana, siku saba mchana na usiku wamekaa naye chini kimya, walipoanza kueleza ndo wakaharibu, na ukifika sura ya 42 Mungu anawakasirikia hao hao waliokuwa wanamtetea, anasema Ayubu, yule mlalamikaji, ndo kanena yaliyo sawa.

Sisemi majibu hayapo. Kwamba Mungu katupa hiari kwa sababu upendo wa kulazimishwa si upendo, naikubali, inaeleza muuaji na inaeleza vita. Augustino, askofu wa Hippo, alifundisha kwamba uovu haukuumbwa, ni wema uliopungua, na hiyo nayo imenisaidia kwa wakati wake. Lakini mbu hana hiari, na mi mpaka leo sijui kwa nini mwanangu. Kilichonishika nisiache imani ni Bethania, pale Martha anamwambia Yesu wazi wazi kama ungekuwepo ndugu yangu asingekufa, na hakukemewa, halafu Yesu ambaye anajua kabisa Lazaro anatoka kaburini muda si mrefu, akalia machozi. Huyo naweza kumwomba. Huyo ndo aliyelia msalabani mbona umeniacha.

Na kama ni wewe uliyefiwa, soma Zaburi ya 88 kwa sauti, haina mstari wa furaha mwishoni, inaishia gizani, na bado ni maombi, imo kwenye Biblia. Kanisani nenda ila kama huwezi kuimba usiimbe, kaa wenzio wakuimbie, mi nilikaa hivyo miezi saba.

Mtu nisiyemsahau ni mama jirani, hata si wa kanisa letu. Siku ya pili nguo za mtoto zilikuwa bado kwenye kamba, nilizifua kabla hatujaenda hospitali na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Akazianua moja moja akazikunja, soksi akazipanga pea kwa pea, akaja akakaa pembeni yangu nazo mapajani, akanyamaza. Jioni ndo akaniuliza, mama, nikuwekee wapi.