Jibu: Banda za wageni Ushongo na safari za Maziwe

Kaka, umeuliza kama unaweza kujenga banda sita Ushongo, kijiji cha pwani wilayani Pangani, Tanzania, na kupeleka wageni kisiwa kidogo cha Maziwe bila kuiharibu pwani. Inawezekana, ila anza na umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Madalali wa viwanja hilo hawalitaji kabisa!

Kubwa zaidi ni taa. Kasa wadogo wakitoka mayaini usiku hufuata mwanga, na mwanga wao wa asili ni wa baharini. Ukiwasha taa kali upande wa bahari, wataelekea barazani kwako na kufia mchangani. Tumia taa hafifu za chini, zilizofunikwa, na umwambie mgeni sababu. Wengi hufurahi kujua.

Maziwe kulikuwa na mivinje, leo ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa. Ndiyo maana mayai ya kasa huko huhamishiwa Ushongo, yaani mbele ya banda zako. Mashua ifungwe kwenye boya, nanga isitupwe juu ya matumbawe.

Boriti za mikoko usinunue za magendo. Kisima nacho usikivute kupita kiasi, maji ya chumvi yatapanda hadi kwa majirani. Choo kiwe na karo lisilovuja. Kabla ya kulipia kiwanja, nenda halmashauri Pangani, kisha ulizia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira.