Kimalagasi na maneno yake ya Kibantu
Umeuliza kama Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ni ya Kibantu, maana majina ya mifugo yake umeyasikia yakifanana na yetu. Hapana, si lugha ya Kibantu. Ni ya ukoo mmoja na Kimalay, lugha ya Malaysia, na ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha bonde la mto Barito, kisiwa cha Borneo huko Asia ya Kusini-Mashariki. Mwanaisimu Mnorwe Otto Christian Dahl alilionyesha hilo mwaka 1951. Sikiliza tu wanavyohesabu nne, tano, sita: Mmalagasi efatra, dimy, enina, Mmalay empat, lima, enam.

Ila sikio lako halikukudanganya kuhusu mifugo. Ng'ombe ni omby, kondoo ondry, kuku akoho, mbwa amboa. Hayo ni ya Kibantu kabisa, yaliingia kutoka upande wetu wa bahari, na mimi naona ndiyo ushahidi mtamu kuliko wote, kwa sababu mtu huazima jina pamoja na mnyama.

Halafu usichanganye lugha na damu. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha Wamalagasi wana asili ya Afrika na ya Asia pia. Ya Afrika huzidi pwani, ya Asia nyanda za juu kwa Wamerina, kabila la huko. Wamakoa, watu wa magharibi mwa Madagaska, ni uzao wa Wamakua walioletwa utumwani kutoka Msumbiji.