Je, mtandao wa ad hoc ni "mtandao wa dharura"?

SWALI: Mwalimu, ni mwanafunzi wa informatiki hapa Goma. Kazi yangu ya mwisho inahusu namna ujumbe unavyopata njia katika rezo ad hoc, zile ambazo simu zinaunganishwa moja kwa moja, zikiwa zinatembea. Nataka muhtasari mmoja uwe kwa Kiswahili sanifu. Msimamizi wangu ameandika kichwa hiki: "Itifaki za uelekezaji wa njia katika mitandao ya dharura". Ni sawa? — Msomaji wa Himbi

JIBU: Itifaki iache ilivyo. Huku kwetu "protokole" ni wale wanaokupokea mlangoni kanisani au kwenye arusi na kukuonyesha pa kukaa. Ukiliandika hilo, wasomaji wengi watawaona hao kwanza. Itifaki limetoka Kiarabu, ni ndugu wa afiki na muafaka: jambo lililokubaliwa. Na ndivyo ilivyo hasa, kwani vifaa vya watengenezaji tofauti haviwezi kusikilizana kama havijakubaliana namna ya kuuliza na namna ya kujibu.

Kinachonisumbua ni dharura. Naelewa kwa nini msimamizi wako amelichagua. Tuliokuwa Goma jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipomwaga moto hadi ukingoni mwa mji, tunajua uchungu wa kumtafuta ndugu kwa simu usimpate. Mtandao wa aina hii ungefaa siku kama ile kwa sababu hauhitaji mnara: simu yangu huzungumza na ya jirani, ya jirani na ya mwenzake, mpaka ujumbe utoke Majengo ufike Katindo. Lakini hayo ni matumizi yake, siyo umbile lake. Ad hoc ni Kilatini, "kwa ajili ya hili", yaani kitu kilichoundwa kwa haja iliyopo. Magari yanaweza kuunda mtandao kama huo barabarani ili yapashane habari za msongamano, na hakuna aliye hatarini. Kwa upande mwingine, anayepiga simu ya kuomba msaada kupitia mnara wa kampuni yumo katika dharura kabisa, ila mtandao wake si wa ad hoc hata kidogo. Istilahi inayoingiza visivyohusika na kuacha vinavyohusika itampoteza msomaji wako tangu kichwani.

Mimi ningeandika mtandao wa papo kwa papo. Maneno hayo yanabeba kuundwa hapo hapo vifaa vinapokutana, pasipo maandalizi. Wengine watakushauri "mtandao usio na kitovu". Si kosa, ila upo mtandao usio na kitovu uliopangwa kwa makini na kukaa palepale miaka mingi. Tena angalia: kinachotembea ni vifaa. "Mtandao unaotembea" hunipa picha ya wavu wa sambaza juu ya mtumbwi Ziwani Kivu.

Sasa "uelekezaji wa njia". Mgeni akikusimamisha Birere, unamwelekeza yeye. Njia ndiyo anayoelekezwa. Ukisema uelekezaji wa njia, ni kana kwamba njia ndiyo iliyopotea. Katika kazi yako kinachoelekezwa ni pakiti, yaani vipande vya ujumbe vinavyosafirishwa mtandaoni, kwa hiyo andika uelekezaji wa pakiti.

Utahitaji pia majina ya makundi mawili makubwa ya itifaki hizi, na hapo nakusihi usitafsiri neno kwa neno kutoka Kifaransa, réactif na proactif. AODV, itifaki ya kundi la kwanza, iliyochapishwa mwaka 2003 kama RFC 3561 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), hungoja haja. Simu yenye ujumbe hutangaza ombi la njia. Majirani hulipitisha kwa majirani wao, kila mmoja akikumbuka amelipokea kwa nani, na jibu hurudi kwa kufuata nyayo hizo hizo. Mmoja akiondoka na kiungo kikakatika, taarifa ya hitilafu hurudishwa, na njia ikihitajika bado, hutafutwa upya. Ni kama motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliye mgeni mjini: haulizi mpaka apate abiria. OLSR, itifaki ya kundi la pili, ya mwaka huohuo, RFC 3626, hufanya kinyume. Vifaa husalimiana na kupashana habari kila baada ya sekunde chache, hata kama hakuna mwenye la kusema, ili njia zijulikane mapema. Huyo ni motari aliyezunguka mitaa yote alfajiri, na amekwisha kuchoma mafuta kabla ya abiria wa kwanza. Ya kwanza iite itifaki ya njia kwa haja, ya pili itifaki ya njia tayari. "Itifaki tendaji" halimwambii msomaji kitu, maana zote mbili zinatenda.

"Nodi", yaani kila kifaa kilichomo mtandaoni, linatosha, usijisumbue nalo.

Kichwa chako basi kiwe: "Itifaki za uelekezaji wa pakiti katika mitandao ya papo kwa papo ya vifaa tembezi". Mara ya kwanza tu, weka ad hoc kwa herufi za mlazo kando yake, ili wakaguzi waliosoma kwa Kifaransa wajue unazungumzia nini. Kuanzia hapo, Kiswahili kiendelee chenyewe.